Maswali ya wasomaji: Fungua chemba kwanza, marumaru baadaye

Mwezi huu nilidhani nitajibu mambo ya wapangaji wasumbufu kama kawaida, kumbe nusu ya meseji zilizoingia ni za watu wanaotaka kununua nyumba za wapangaji zilizochoka wazikarabati waanze kula kodi. Sijui mmeambiana wapi. Basi nimechagua nne, ya kwanza ndefu na jibu lake refu, hizo nyingine tutaenda haraka haraka.

Shikamoo Mama Chemba. Mimi ni kijana wa miaka 41, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, dada yangu yuko Muscat mwaka wa tisa sasa. Tumejichanga tuna milioni 180. Kuna dalali katuonyesha nyumba Sinza, ghorofa moja, chini apatimenti tatu juu tatu, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Mwenye nyumba anataka milioni 420 na dalali anasema inaingiza milioni 3 kwa mwezi sababu kila apatimenti ni laki tano. Nikamvizia mpangaji mmoja wa chini akaniambia yeye analipa laki tatu na nusu na wenzake wote anaowajua hivyo hivyo. Benki wako tayari kutupa 240 kwa riba ya asilimia 16, miaka kumi. Fundi wangu anasema kwa milioni 70 anaifanya mpya, marumaru, jipsamu, makabati ya jiko, madirisha ya aluminiamu, rangi nje ndani. Dada anasema tuwahi, dalali ananipigia kila asubuhi kwamba kuna mtu wa Kahama anakuja na keshi. Tufanyeje? Kijana wako, Mabibo.

Marahaba mwanangu. Msalimie dada yako, mpe pole na joto la huko, afu mwambie aache haraka. Huyo mtu wa Kahama nimemsikia toka mwaka 2004 wakati nanunua nyumba yangu ya kwanza Tabata, wakati ule alikuwa mtu wa Mererani, na mpaka leo hajawahi kufika.

Kabla ya yote hebu jumlisha mwenyewe. 180 na 240 ni 420. Milioni 70 ya fundi inatoka wapi? Na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1, yaani milioni 4 na laki mbili kwa hiyo bei, na wakili, na mthamini? Umenunua nyumba umebaki na nauli ya daladala. Hapo hata koki ikivunjika wiki ya kwanza unakopa kwa shemeji.

Sasa twende kwenye kodi, na tutumie ya mpangaji sio ya dalali. Apatimenti sita kwa laki tatu na nusu ni milioni 2 na laki moja kwa mwezi. Usizidishe mara 12, zidisha mara 11, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anahama na chumba kinakaa wiki tatu nne unapaka rangi na kusubiri mwingine, inakuja milioni 23 na laki moja. Toa mlinzi wa laki mbili kwa mwezi, toa taka na usafi na taa ya ngazi tuseme laki moja kwa mwezi, toa laki sita za gari la kunyonya choo kwa mwaka, toa milioni 2 na laki nne za matengenezo, yaani koki, vitasa, pampu ya maji, bati lililopeperuka, na toa kodi ya majengo ambayo kwa ghorofa ni 7,500 kila sakafu kwa mwezi, kwako ni sakafu mbili kwa hiyo 180,000 kwa mwaka. Unabaki na milioni 16 na laki tatu hivi, na hapo kodi ya mapato bado hujaigusa.

Milioni 16 kwa nyumba ambayo ukishaikarabati imekula 490. Ni kama asilimia 3 na kidogo. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 15 na hazina choo cha kuziba. Najua utaniambia nyumba inapanda thamani, sawa inapanda, lakini rejesho la benki halisubiri thamani. Mkopo wa 240 kwa asilimia 16 miaka kumi rejesho lake ni kama milioni 4 kwa mwezi. Nyumba yako hata ukiikarabati ikang'aa, wapangaji wote sita wakalipa laki tano, hakuna aliyechelewa, hakuna aliyehama, inaleta 3. Kila mwezi wewe na dada mnatoa milioni moja mfukoni kuilisha nyumba ambayo mlinunua iwalishe nyie, na bado mlinzi hajalipwa. Kwa miaka kumi. Mkopo wa hivyo kwa nyumba hii mimi siuchukui, na nisingependa mtoto wangu auchukue.

Hiyo haina maana nyumba ni mbaya. Ina maana bei ni ya ndoto. Bei ya nyumba ya wapangaji inatoka kwenye kodi yake, sio kwenye kiwanja cha jirani aliyeuza kwa mwenye hoteli.

Haya, nyumba yenyewe. Uliangalia nini ulivyoenda? Nina uhakika uliangalia sebule, ukafungua makabati, ukasimama barazani juu ukaona upepo mzuri. Wote tunafanya hivyo. Mimi Tabata niliona taili mpya za jikoni nikazipenda mpaka nikasahau kuuliza chemba, kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia maji taka, iko wapi. Kumbe aliyeniuzia aliongeza jiko kwa nyuma akajenga juu ya chemba, akaziba na taili, akaniachia funguo. Masika ya kwanza, siku ya pili ya Idi, maji machafu yakapanda yakatokea kwenye bafu la mpangaji wa chini, wageni wake wako sebuleni na pilau. Nilivunja mistari mitatu ya taili nilizozipenda kwa mikono ya fundi na machozi yangu, mpangaji akahama na wa pembeni akamfuata. Jina la Mama Chemba mafundi walinipa siku hiyo.

Kwa hiyo rudi Sinza, safari hii nenda na fundi bomba, sio fundi wa jipsamu, na uende siku mvua inanyesha au imetoka kunyesha. Nyumba ya Dar ukiiona Agosti umeiona imevaa nguo za harusi. Omba chemba zote zifunguliwe moja moja kuanzia nyumba mpaka shimo. Kama kuna chemba haionekani, ujue kuna mtu amejenga juu yake. Afu chukua watu sita, mmoja kila choo, wavute maji kwa pamoja na wewe umesimama kwenye chemba ya mwisho. Maji yakija kwa kasi yakapita, safi. Yakija yakasimama yakaanza kupanda taratibu, hapo kuna bomba limekaa kwa kuinama vibaya au shimo limejaa, na mtaa usio na bomba la maji taka la DAWASA shimo ndo kila kitu. Uliza wapangaji gari la kunyonya linakuja mara ngapi kwa mwaka. Wakisema mara moja poa, wakisema kila mwezi basi shimo la pili, lile linalopeleka maji ardhini, halinyonyi tena, udongo umeshiba, na hiyo sio kazi ya kunyonya, ni kazi ya kuchimba jipya kama kiwanja kina nafasi, na viwanja vya Sinza unavijua, vilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma wa Benki ya Dunia, vingi ni vidogo na watu wameshajenga mpaka ukutani.

Ukiwa hapo hapo angalia Mto Ng'ombe uko umbali gani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na ukuta wenye mstari wa tope wa zamani nyuma ya kabati hauhitaji sheria kukueleza. Kama nyumba iko jirani na barabara kubwa ulizia hifadhi ya barabara, maana wa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 walikuwa na nyumba nzuri tu na wengine wana risiti za kila kitu, alama ya X ya kubomolewa haikuwauliza.

Afu juu. Ingia bafu za ghorofani, toka, nenda kasimame chini yake uangalie dari. Ukiona ramani za rangi ya chai, linavuja. Ukiona dari ya bafu limepakwa rangi mpya peke yake nyumba nzima, linavuja na mwenye nyumba anajua. Gonga zege la kibaraza na la ngazi kwa funguo. Ukiona limepasuka mstari mrefu uliofuata nondo na kutu inachungulia, nondo inavimba kwa ndani inalisukuma zege, na kwa upepo huu wa bahari na mchanga wa chumvi ambao wengine walijengea enzi hizo, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Hapo muite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje na nyundo yake ya kupimia zege akuandikie ripoti. Utamlipa, utanuna, lakini hiyo ripoti ndo itakayokushushia bei kuliko maneno yako yote.

Kuhusu milioni 70 za fundi wako, nimesoma ile orodha mara mbili natafuta neno bomba, sijaliona. Natafuta waya, sijaona. Jipsamu nimeiona. Mwanangu, mpangaji wa Sinza anayelipa laki tano analipa kwa sababu maji yanatoka asubuhi, choo hakinuki, ana mita yake ya LUKU mwenyewe na hakuna anayemuuliza nani aliwasha pasi. Dari la mawimbi mawimbi lenye taa za bluu analipenda siku ya kuonyeshwa tu, mwezi wa pili ameshalizoea. Kwa hiyo geuza orodha. Maji taka kwanza. Mabomba ya maji safi ya pili, nyumba ya umri huo ina mabomba ya chuma yameziba kutu kwa ndani mpaka tundu limebaki la penseli, ng'oa weka ya plastiki ya PPR, na simtanki juu la kutosha nyumba nzima siku mbili tatu mgao ukija. Umeme wa tatu, waya zipigwe upya, kila apatimenti mita yake. Bafu za juu ng'oa taili zote, weka dawa ya kuzuia maji, afu ziba tundu jaza maji uyaache siku moja na usiku wake, chini pasiponyesha ndo taili zirudi. Paa. Baada ya hapo kama hela imebaki weka marumaru, na nakwambia zitabaki za marumaru ya kawaida sio yale ya kuteleza unayoyataka.

Na usikarabati sakafu kwa sakafu. Kila mtu anafanya hivyo, anawatoa wa juu wote, anamaliza, anawatoa wa chini, kodi imekatika miezi minane. Wewe nenda kwa wima. Apatimenti ya chini na iliyo juu yake zinatumia bomba moja la kushusha, zifanye hizo mbili pamoja, nne zinaendelea kulipa. Ukimaliza wahamishie humo wapangaji wa zile mbili zinazofuata, waone tofauti na bei mpya wajadiliane nayo wakiwa wanaiona. Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua, na asilimia 10 ya mwisho usiitoe mpaka mvua moja kubwa ipite.

Makaratasi nitayasema haraka sio kwa sababu ni madogo ila kwa sababu wakili utamlipa ayaseme taratibu. Sinza ni eneo lililopimwa kwa hiyo unategemea hati, mtu akikuletea leseni ya makazi au barua ya serikali ya mtaa simama hapo. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati uone jina ni la nani, kuna mkopo wa benki, kuna zuio. Jina likiwa la marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wawe wanajua, sio shangazi anayeshika funguo. Muuzaji ana mke? Ridhaa ya mke kwa maandishi. Kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka huu? Risiti. Kodi ya faida ya kuuza ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida aliyopata, au kama hana kumbukumbu za gharama zake anapigiwa asilimia 3 ya bei, na kwa 420 hiyo ni milioni 12 na laki sita, ndo maana wengi siku ya mwisho wanasema tugawane au tuandike bei ndogo kwenye mkataba. Usikubali. Ukiandika bei ndogo leo, siku wewe unauza faida yako itaonekana kubwa na utailipia wewe.

Wewe na dada hati iandike majina mawili na fungu la kila mmoja, kama yeye katoa 110 na wewe 70 iandikwe hivyo hivyo, mkipendana. Akishindwa kuja, atengeneze hati ya uwakilishi apeleke ubalozini Muscat. Nimeona ndugu wazuri sana waligombana kwa sababu nyumba ilikuwa jina la aliyebaki nyumbani, na aliyebaki nyumbani ana mke, na mke ana ndugu.

Uamuzi wangu? Peleka ofa ya 300 ukiwa na ripoti ya mhandisi na karatasi ya hesabu za kodi mkononi. Kwa 300 na 70 ya ukarabati, wapangaji wakifika laki tano, inakuachia kama milioni 26 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 7 na inaanza kufanana na biashara, ila hata hapo mkopo uwe mdogo kiasi kwamba apatimenti tatu tu zinaweza kuulipa, maana ndo zitakazokuwa na watu siku mambo yakiharibika. Kwa hela mliyonayo sasa bado hapafikiki, kwa hiyo akikataa 300, na atakataa, nendeni Tabata, Kinyerezi au Mbezi mtafute ya apatimenti mbili tatu mnunue kwa hela yenu wenyewe mbaki na akiba. Dada atanuna wiki moja.

Mama Chemba za asubuhi. Nimenunua nyumba hapa Dodoma yenye wapangaji wanne, nilitaka niikarabati mara moja. Nimeenda kuwapa notisi wote wananiambia walishamlipa mwenye nyumba wa zamani kodi ya mwaka mzima, wawili wana mikataba, wawili wana meseji za simu tu. Mwenye nyumba wa zamani hapokei simu. Naweza kuwatoa? Mimi ni mama mwenzio.

Mama mwenzangu, pole. Ulinunua nyumba na watu ndani yake, na kodi waliyolipa ililiwa kabla yako. Nyumba kubadilisha mikono hakufuti mkataba wa mpangaji, aliyelipa mpaka Desemba anakaa mpaka Desemba. Hata hao wa meseji usiwadharau, muamala wa simu una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, mbele ya baraza unaongea vizuri kuliko karatasi ya kuandika kwa mkono.

Hili lilitakiwa liishe kabla hujatoa hela. Kila mpangaji anaandika kwa mkono wake, analipa kiasi gani, kalipa mpaka lini, dipoziti ni ngapi, amekubaliana nini juu ya maji na umeme, anasaini, muuzaji anasaini chini yake. Ile kodi iliyolipwa mbele unaikata kwenye bei, maana ni miezi ya kwako ameila yeye. Sasa kwa kuwa imeshapita, mpe wakili hiyo kazi ya kumdai muuzaji, kama kwenye mkataba wa mauzo aliandika kwamba anakukabidhi nyumba tupu una pa kuanzia, kama hukuandika kitu basi shika kichwa kidogo halafu endelea.

Kwa wapangaji, kaa nao. Waambie ukweli kwamba unataka kukarabati, uliza nani yuko tayari kuondoka kwa kurudishiwa miezi iliyobaki na nauli ya kuhamia, mara nyingi mmoja atakubali, basi anza na chumba chake na usogeze wengine kama nilivyomwambia kijana wa Mabibo. Usikate umeme, using'oe bati la mtu, usibadilishe kitasa. Najua kuna watu watakushauri hivyo na watakwambia inafanya kazi. Inafanya kazi mpaka siku mmoja wao ana mjomba wakili.

Habari mama. Niko Temeke, nina nyumba ya chini tu ya vyumba sita, slebu ipo juu sababu marehemu baba alikuwa na mpango wa kupandisha. Fundi anasema nguzo ni nzito, tunaweza kupandisha ghorofa mbili tukapata apatimenti nane zaidi. Hana mchoro lakini yeye ndo alijenga na baba.

Hapana.

Yaani, labda. Ila sio kwa maneno ya fundi hata kama alijenga na baba yako na alikula ubwabwa kwenu. Nguzo unaiona nje, nondo ziko ngapi ndani na za unene gani huioni, na msingi uko chini ya ardhi hakuna anayeuona. Alikuwepo yeye, sawa, anakumbuka uwiano wa zege la mwaka ule? Mhandisi anaweza kuchimba pembeni ya msingi akauona, akapima zege, akatafuta nondo kwa kifaa bila kuvunja, halafu akakwambia inabeba moja, inabeba mbili, au haibebi hata simtanki. Baada ya hapo ndo kuna michoro na kibali cha ujenzi cha manispaa, na mkandarasi aliyesajiliwa.

Machi 29 mwaka 2013 jengo lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi katikati ya mji liliporomoka likaua watu 36. Novemba 16 mwaka 2024 likaanguka jingine Kariakoo, hilo lilikuwa linatumika, watu wako madukani wanauza, wakafa zaidi ya 20. Nilipita Kariakoo siku ya tatu yake kununua vitasa, watu wanachimba bado, nikarudi bila vitasa.

Kama mhandisi akikwambia haibebi, hiyo slebu ezeka juu yake kwa chuma chepesi na bati, weka kamba za kuanikia na sehemu ya kufulia wapangaji, ongeza elfu ishirini kila chumba. Sio utani, kwa Temeke watu wanahangaika pa kuanika kuliko unavyodhani.

Bi mkubwa, mimi ni mpangaji sio mwenye nyumba lakini naomba unijibu. Tuko kwenye ghorofa moja wapangaji sita kila mtu na mita yake, kila mwezi tukinunua LUKU wote tunakatwa 7,500. Mwenye nyumba anasema ni kodi ya serikali tuongee na serikali. Ni haki?

Karibu, hata wapangaji wanasoma humu, na wenye nyumba nao wasome hili. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Toka 2021 inakatwa kwenye LUKU kwa sababu ni rahisi kukusanya, sio kwa sababu imekuwa ya mpangaji. Na jengo ni moja, ghorofa linahesabiwa kwa sakafu halihesabiwi kwa mita. Lenu lina sakafu mbili, 15,000 kwa mwezi. Nyie sita mnakatwa 45,000. Hiyo 30,000 ya juu hata serikali haikuidai.

Mwenye nyumba ndo anatakiwa aende kwa wanaosimamia kodi ya majengo na namba za mita zote sita na namba ya jengo aombe mita zifungwe kwenye jengo moja zikatwe zinazostahili. Asipotaka, nyie pigeni picha risiti zote za LUKU zinazoonyesha makato, za miezi yote mliyonayo, mjumlishe kila mtu zake, mpelekeeni karatasi moja mkiwa wote sita wakati mmoja, mmwambie kodi ya pango inayofuata mtakata kiasi hicho au akirudishe. Mmoja mmoja atawazungusha. Na kabla hamjaenda angalieni mikataba yenu, maana kuna wenye nyumba wajanja wanaweka kifungu kwamba mpangaji atalipa kodi zote za jengo, na nyie mlisaini mkiangalia marumaru.